Chaki ya Mama Vifungo

Kwenye kiwanda kile cha sare, Meneja aliogopwa kwa sababu ya cheo, lakini chaki ya Mama Vifungo iliogopwa kwa sababu haikuwa na undugu. Mama huyu alikaa meza ya mwisho, meza ya ukaguzi, ambako kila shati na kila suruali hupita kabla ya kukunjwa na kutiwa kwenye boksi. Akiona tundu la kifungo limekaa upande, hagombi wala hanuni. Anachora kosa kwa chaki yake ya bluu, ile mistari miwili iliyopishana ambayo mtoto wa shule hapendi kuiona kwenye daftari lake, kisha anaisukuma nguo irudi kwa aliyeishona. Hata kama ni rafiki yake wa chanda na pete. Hata kama mchana walikula sahani moja. Na kosa likiwa la mkasi, yaani limeanzia kwenye kukata kitambaa, hapo harudishi nguo moja. Anarudisha mzigo mzima, nguo mia mbili, kwa sababu kitambaa hukatwa kwa pamoja, na moja ikipinda zote zimepinda.

"Yule mama ana roho ya chuma," wakataji walilalamika.

Uongo mtupu. Roho yake ilikuwa laini, alilia hata kwenye harusi za watu asiowajua. Tatizo lilikuwa macho. Macho yake yalishazoea kutafuta kasoro, na ukishakuwa na macho ya namna hiyo huwezi kupiga soga na jirani kwa amani; yeye anakueleza habari za wanawe, wewe unamtazama vifungo.

Mwaka huo alikuwa anastaafu, na kitu alichokitaka kilikuwa kimoja tu: cheti cha utumishi. Kilikuwa karatasi nene yenye ukingo wa rangi ya dhahabu, ambamo huandikwa jina la mtu na miaka aliyofanya kazi. Fremu alishainunua. Ilining'inia sebuleni kwake miezi minne, tupu, kati ya saa na kalenda, na kila mgeni aliyeingia alimwambia kwa huruma kwamba picha yake imedondoka.

"Haijadondoka," alijibu. "Iko njiani."

Sasa, hiyo miaka ndiyo iliyokuwa na mambo. Mama Vifungo aliingia kiwandani miaka ishirini na nane iliyopita, akiwa msichana mwenye kiuno na maringo. Lakini kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Mwanamke akienda kujifungua, jina lake linafutwa. Akirudi anasaini fomu ya kuanza upya, anawekwa miezi mitatu kwenye meza ya wanagenzi, anafundishwa kutia uzi kwenye sindano kama mtu aliyeshuka jana kutoka mwezini. Mama Vifungo alizaa watoto wanne, kwa hiyo alifundishwa kushona kifungo mara nne. Mara ya mwisho aliyemfundisha alikuwa binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha, na binti wa watu aliona aibu hata kumtazama usoni.

"Endelea, mwalimu," Mama Vifungo alimwambia. "Sindano huwa inashikwa upande upi?"

Walicheka siku ile hadi wakafokewa. Nyumbani, hata hivyo, alijifungia chumbani akalia, kitinda mimba mgongoni. Miaka kumi na saba ilikuwa imefutwa kwa saini nne. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka kumi na moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi. Wanawake wa pale walikuwa na namna yao ya kuhesabu. Hawakuulizana una miaka mingapi kazini. Waliulizana: kwa mgongo au kwa karatasi?

Tena kulikuwa na mkataji mmoja wa vitambaa, mwanamume mcheshi, aliyevunjika mguu akicheza mpira na watu wa nusu ya umri wake. Alikaa nyumbani miezi minane. Aliporudi alikuta mkasi wake umetundikwa kwenye msumari wake, umefutwa vumbi, na miaka yake yote ipo, hakuna hata siku iliyopotea.

"Kumbe mguu una likizo," Mama Vifungo alisema, "tumbo ndilo halina."

Yote haya bintiye mkubwa aliyajua tangu utotoni. Binti huyu alikwenda chuo kusomea filamu, na kwa miaka miwili mama yake aliamini kwamba anafundishwa kuuza tiketi mlangoni. Alirudi na kamera, kompyuta iliyobandikwa vibandiko kila mahali, na maneno makubwa makubwa. Mama akampa jina la Mwongozaji, na kumwita hivyo hata alipokuwa anamwomba aondoe vyombo mezani.

Basi kiwanda kikatimiza miaka thelathini, na Meneja akataka filamu ya kuonyesha siku ya sherehe, mbele ya Mwenye Mali na wanunuzi. Meneja alikuwa mtu wa kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, ingawa hakuna aliyewahi kuona hata moja ikiandika. Alimwita Mwongozaji ofisini.

"Nataka watu wanaotabasamu," alisema. "Bidii, usafi, tabasamu. Lakini wewe huingii ukumbi wa kushonea saa za kazi. Mitindo ya wateja ni siri. Mfundishe mama yako kushika kamera, yeye tunamwamini."

Mwongozaji alitoka pale macho yanang'aa. Jioni, mama yake akikunja nguo, akamwaga mpango wake wote. Wangepiga filamu ya Meneja, sawa, lakini ndani yake wanawake wangesema kuhusu kuanza upya. Mbele ya Mwenye Mali, mbele ya wanunuzi, mbele ya kila mtu.

"Na cheti changu?" Mama Vifungo aliuliza.

"Mama, ndiyo maana. Unataka wakuandikie kumi na moja?"

Mama Vifungo aliitazama fremu yake. Alikuwa amejipa moyo kwamba mtu ataona aibu tu, atachukua kalamu na kurekebisha bila kuombwa. Alijua akileta maneno huenda asipewe hata hiyo kumi na moja. Aliogopa, na hakuona haya kusema.

"Naogopa, mwanangu."

"Hata mimi."

"Wewe unaogopa nini? Wewe ni Mwongozaji."

Lakini alikubali. Kesho yake aliwanong'oneza wenzake, na saba wakasema watazungumza. Wa kwanza alikuwa Kidoti, fundi wa kola, mwenye alama nyeusi shavuni na mimba ya miezi saba. Kidoti alikuwa na miaka tisa kazini, kwa mgongo na kwa karatasi, na zilibaki wiki sita tu miaka hiyo ifutwe.

Sijui nani alimfikishia Meneja harufu ya mambo. Siku ya pili alipita katikati ya cherehani, mikono nyuma, akazungumza kwa upole kabisa. "Kamera ni ya tabasamu. Atakayeleta upuuzi nitamjua. Sura zenu zote nazijua." Kufika saa sita, wote saba walikuwa wamejitoa. Kidoti alikuwa wa mwisho, na alijitoa akilia, kwa sababu alikuwa na kodi ya nyumba na mume asiye na kazi. Nani angemlaumu?

Mama Vifungo hakumlaumu mtu. Aliendelea kupiga picha siku nne, maana kazi ni kazi, kisha akampelekea bintiye kamera. Mwongozaji alifungua kompyuta, akatazama. Akatazama tena. Akashika kichwa.

"Mama. Vichwa viko wapi?"

"Vichwa gani?"

"Vya watu! Siku nne, hakuna hata uso mmoja! Nimeona viwiko. Nimeona mapindo. Nimeona tundu moja la kifungo dakika sita nzima!"

"Lile lilikuwa na kasoro. Nilitaka ulione vizuri."

"Nilikufundisha picha ya karibu ni uso! Uso, mama!"

"Ulisema nipige kazi inavyofanyika. Tangu lini shati likashonwa kwa uso?"

Mwongozaji alitaka kupiga kelele akashindwa, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekata tamaa. Ukweli ni kwamba mama wa watu hakufanya makusudi. Miaka ishirini na nane alimtazama mtu kuanzia kola kwenda chini. Macho yalikwenda yalikozoea na kamera ikafuata. Kwenye skrini mikono ilipita, mikono na mikono tena. Mkono wenye pete ya uzi. Mkono wenye kidole kilichotobolewa na sindano ukucha ukaota upande. Mama Vifungo akawa anawataja bila kufikiri: huyu fulani, huyu fulani, huyu Kidoti, tazama anavyoshika kola kama anamfunga mtoto kanga.

Binti aliacha kucheka.

"Mama, unamjua kila mtu kwa mikono?"

"Wewe huwezi kuujua mkono wa mama yako?"

"Na Meneja?"

"Yule anajua sura tu," Mama Vifungo alisema. Wakatazamana, na Mwongozaji akaanza kurukaruka pale sebuleni kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Jumapili ile mchana wanawake walikuja nyumbani mmoja mmoja, na hawakuwa saba tena, walikuwa kumi na wanne. Mwongozaji aliweka kinasa sauti mezani, akamfunika kila msemaji kwa blanketi zito kuanzia kichwani, maana chumba kilikuwa na mwangwi. Jamani, huko chini ya blanketi kulikuwa na joto la kupikia, lakini waliokuja kusema maneno mawili walisema ishirini. Mtu akifunikwa macho, ulimi nao unafunguka. Mmoja alisema, akalia, akacheka, akaomba aongezwe muda. Mkataji wa mguu naye alikuja kwa hiari yake, akaingia chini ya blanketi, akaeleza habari za mkasi kwenye msumari, na alipotoka jasho lilikuwa linamtiririka.

"Na sauti zetu je?" Kidoti aliuliza. "Si atazijua?"

"Lini amewahi kukusikiliza?" Mama Vifungo akamjibu.

Siku tatu kabla ya sherehe, Meneja aliitisha filamu aikague. Mwongozaji alimwonyesha picha na kumwambia ukweli kwamba sauti bado hajaiweka. Meneja alifurahi kupita kiasi. Aliona bidii, aliona usafi, hakuona mtu hata mmoja amezubaa.

"Hakuna tabasamu," alisema, "lakini ina hadhi. Sauti weka kitu cha heshima."

"Cha heshima kabisa, Meneja."

Jumamosi mchana ukumbi wa kushonea ulipangwa viti. Mbele kabisa alikaa Mwenye Mali, mzee mnene mwenye masikio mawili ambayo moja lilishastaafu. Wanunuzi walikaa kando yake. Nyuma walikaa wanawake, mikono mapajani, kimya kama wako kwenye mtihani. Mapazia yakafungwa, filamu ikaanza.

Mikono ikatokea ikitia uzi kwenye sindano, na sauti ya mwanamke ikasema, taratibu: "Kwa mgongo, miaka kumi na tisa. Kwa karatasi, minne."

Meneja aligeuka. Mikono mingine ikatokea, ikikunja pindo. "Nina watoto watatu. Nimefundishwa kushona pindo mara tatu. Sasa nalijua."

Mnunuzi mmoja akacheka, kisha akanyamaza alipoelewa. Meneja alisimama, akaanza kutembea haraka kuelekea kwa Mwongozaji aliyekuwa kwenye mashine ya kuonyeshea filamu. Ndipo Mwenye Mali alipoinua fimbo yake.

"Sisikii! Ongeza sauti!"

"Mzee, kuna hitilafu kidogo..."

"Ndiyo, hitilafu ya sauti, iko chini! Ongeza!"

Mwongozaji ni mtoto mtiifu. Aliongeza mpaka vioo vikatetemeka. Mkataji akasimulia mguu wake na mkasi wake, ukumbi ukacheka. Kisha ikaja mikono ikigeuza kola, polepole, na chini kwenye skrini likaonekana tumbo kidogo, maana Mama Vifungo aliishusha sana kamera siku ile. "Miaka tisa," sauti ilisema. "Bado wiki sita. Napenda kazi yangu. Namwombea mtoto wangu azaliwe salama, na kila nikiomba naona kama naomba nifukuzwe. Mama gani anaomba hivyo?"

Hakuna aliyecheka. Huko nyuma wanawake walikuwa wanashikana mikono, kila mmoja akimjua kila mmoja, na hakuna aliyemtazama Kidoti ili asimponze.

Mwanga ukarudi. Mwenye Mali alikuwa amekunja uso.

"Meneja. Huyu wa kola ni nani?"

Meneja alitazama safu za nyuma, akatazama nyuso arobaini ambazo alisema anazijua. Nyuso hazikumsaidia. Mikono yote ilikuwa imelala mapajani, na alikuwa amesimama mbele ya mikono hiyo miaka tisa.

"Ni... wengi, Mzee," alisema.

"Nimekuuliza mmoja."

Kwa kuwa mtu aliyebabaika hushika kilicho karibu, alishika ratiba, akasoma jambo lililofuata: kumuaga mfanyakazi anayestaafu. Angekaa kimya tu ingemsaidia. Alimwita Mama Vifungo mbele, akachukua cheti, akasoma kwa sauti iliyokuwa inafifia kila neno. "Kwa utumishi wake uliotukuka wa miaka... kumi na moja."

Kidoti ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo, kicheko kikamtoka puani. Wa pembeni yake akafuata, kisha safu nzima, kisha ukumbi wote ukaangua kicheko, wakataji wakigonga viti, mnunuzi akipangusa macho. Kumi na moja! Meneja mwenyewe, maskini, alitabasamu bila kujua kwa nini.

Mama Vifungo hakucheka. Alipokea cheti, akakiinua kwenye mwanga kama anavyoinua shati. Alitazama ukingo, alitazama jina lake, alitazama miaka. Akilini alikuwa anaiona fremu yake ukutani. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa chaki ya bluu, akachora mistari miwili juu ya ile kumi na moja.

"Irudi kwa aliyeishona," alisema. "Ina kasoro."

Siku nne zilipita bila neno, na mama wa watu hakulala hata usiku mmoja. Alhamisi asubuhi Meneja aliingia ukumbini mwenyewe, bila kalamu hata moja mfukoni, akaenda meza ya mwisho, ambako Mama Vifungo alikuwa anamalizia siku zake za mwisho kazini. Alikuwa amemruhusu Mwongozaji aje apige picha ya makabidhiano. Mwenye Mali ndiye aliyeagiza hivyo. Meneja akatoa bahasha. Mama Vifungo akaifungua. Karatasi ilikuwa mpya, ukingo umenyooka, jina halijakosewa herufi. Miaka ishirini na nane.

Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Aliipitishia kidole ile ishirini na nane, akaipitishia tena. Cherehani zilikuwa zimenyamaza zote.

"Imekaa vizuri," alisema. "Ya Kidoti ikoje?"

"Ya Kidoti?" Meneja alisema. "Kidoti bado... Hilo tutaliangalia."

"Na wengine wote hawa?"

"Mama Vifungo, Mzee amesema hii ni kwa heshima yako. Yako peke yako. Chukua, mama yangu, uipeleke nyumbani."

Mama Vifungo aliinamisha kichwa. Mtu angedhani anasali. Alikuwa anaitaka karatasi ile, jamani, aliitaka kuliko kitu chochote, na ilikuwa mkononi mwake.

"Meneja wangu," alisema mwishowe, kwa upole kabisa, "hili kosa si la sindano. Hili ni la mkasi."

Huko kwenye meza ya kukatia mtu alisema "Ala!" kwa sauti, kwa sababu kila aliyekuwemo ukumbini alijua maana yake, ila Meneja.

"Maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake mzigo mzima unarudi." Akailaza karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja, akatoa chaki. "Fremu yangu imengoja miezi minne, itangoja tena."

Mwongozaji alikuwa amesogea karibu, kamera usoni mwa mama yake, akifuata machozi.

"Shusha," mama alimwambia bila kumtazama. "Unapiga sura. Kazi iko huku chini."

Binti akashusha kamera mpaka mezani, akaishika imara, na mkono wa mama yake ukachora mstari wa kwanza, kisha wa pili.